Madame Riccoboni (1713–1792): Kutoka Jukwaani hadi Riwayani

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa anayesoma Les Liaisons dangereuses, riwaya ya Choderlos de Laclos iliyotoka mwaka 1782, huenda akakutana na jina la Madame Riccoboni pembezoni mwa kitabu. Huelezwa kuwa ni bibi mzee aliyemwandikia Laclos barua za kumlaumu, basi. Jina hilo hupita upesi, na msomaji hubaki na picha ya mwanamke wa kale aliyeogopa ukweli wa kitabu kipya. Hata hivyo, bibi huyo alikuwa mmoja wa waandishi wa riwaya waliosomwa sana Ufaransa na Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 18. Na kabla ya kuandika, alikuwa mchezaji wa tamthilia mjini Paris kwa muda wa robo karne.

Wengi wanaomtaja huyakata maisha yake vipande viwili visivyoungana: mchezaji aliyeshindwa, kisha mwandishi aliyefaulu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba vipande hivyo ni kitu kimoja. Jukwaa, ambalo halikumpa sifa, ndilo lililokuwa chuo chake. Na riwaya ya barua ndiyo iliyomwezesha kutumia mafunzo ya chuo hicho kwa sauti yake mwenyewe. Tutaangalia kwanza asili yake na kazi yake ya jukwaani, kisha riwaya zake, na mwisho mabishano yake na Laclos pamoja na suala la riziki ya mwandishi.

1. Binti aliyenyang'anywa haki

Marie-Jeanne de Heurles Laboras de Mézières alizaliwa Paris mwaka 1713. Alikuwa bado mtoto ilipogunduliwa kwamba baba yake alikuwa amemwoa mama yake hali mke wake wa kwanza yu hai katika mji wa Troyes. Ndoa ya Paris ikabatilishwa, baba akarudishwa kwa mke wa kwanza, na binti akahesabiwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Kosa lilikuwa la mwanamume, lakini adhabu ilimwangukia mtoto ambaye hakulijua. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa karibu kila riwaya atakayoiandika baadaye itauliza swali hilo hilo: kwa nini mwanamume avunje ahadi, na mwanamke ndiye alipe?

Alilelewa katika nyumba ya watawa, na ilitazamiwa kwamba angekuwa mtawa. Hakukubali, akarudi kuishi na mama yake. Msichana asiye na mahari wala haki ya urithi hakuwa na milango mingi ya kubisha katika Ufaransa ya wakati ule. Mwaka 1734 akaingia katika kazi ya kucheza tamthilia, kazi ambayo watu wa mjini waliipenda kwa macho na kuidharau kwa midomo. Inatosha kukumbuka kwamba miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 1730, mchezaji mashuhuri Adrienne Lecouvreur alikuwa amenyimwa maziko ya Kikristo kwa sababu ya kazi yake.

2. Miaka ya jukwaani

Kikundi alichoingia ni kile cha Comédie-Italienne. Wachezaji wa Kiitalia walikuwa wamefukuzwa Paris mwaka 1697, wakaitwa tena mwaka 1716 chini ya uongozi wa Luigi Riccoboni. Walikuwa na desturi ya kucheza bila maneno yaliyoandikwa: kisa kilijulikana kwa muhtasari tu, na kila mchezaji alitunga maneno yake papo hapo kwa kumsikiliza mwenzake. Kikundi hicho ndicho pia kilichocheza tamthilia nyingi za Marivaux, bingwa wa mazungumzo ambamo watu husema jambo moja huku moyo ukisema lingine. Kwa mtu aliyejaliwa sikio zuri, hapakuwa na shule bora ya kujifunza namna binadamu wanavyosema.

Huko aliolewa na Antoine-François Riccoboni, mwana wa kiongozi yule, naye mchezaji na mwandishi. Ndoa haikuwa na heri. Mwaka 1750 mume huyo alichapisha kitabu kiitwacho L'Art du théâtre, ambamo alidai kwamba mchezaji hodari hapaswi kuzama katika huzuni au hasira anayoionyesha, kwani akizama hatajitawala tena. Fikra hiyo ilichukuliwa na kupanuliwa na Diderot katika Paradoxe sur le comédien, kitabu kilichochapishwa mwaka 1830, miaka mingi baada ya kifo chake. Na Diderot alipotafuta mfano wa mtu mwenye moyo mwepisi kuguswa na akili pevu, ambaye hata hivyo hakufaa jukwaani, alimtaja nani? Alimtaja Madame Riccoboni. Kwa maoni yake, wachache waliielewa sanaa ya jukwaa kama yeye, na wachache waliicheza vibaya kama yeye.

Hukumu hiyo ni kali, na hatuna sababu ya kuikataa, maana hata wale waliompenda hawakumsifu kama mchezaji. Lakini tuitazame vizuri. Diderot hasemi kwamba hakujua kazi. Anasema kwamba alijua, lakini mwili wake haukutii ujuzi wake. Diderot mwenyewe alikuwa shahidi wa ujuzi huo: mwaka 1758, alipotoa tamthilia yake Le Père de famille, Madame Riccoboni alimwandikia kuipima, naye akamjibu kwa barua ndefu. Mwanafalsafa alitaka wachezaji wajisahau kabisa kana kwamba hakuna watazamaji. Bibi alimkumbusha mambo anayoyajua fundi: taa, umbali, na uso wa mchezaji ambao lazima uonekane. Hatusikii hapo sauti ya mtu aliyepoteza miaka yake bure.

3. Barua badala ya jukwaa

Kuna kisa kinachotuonyesha jinsi alivyovuka kutoka sanaa moja hadi nyingine. Marivaux alikuwa ameacha riwaya yake La Vie de Marianne bila kuimaliza. Mtu mmoja alidai mbele ya watu kwamba mtindo wa Marivaux hauigiki. Madame Riccoboni akachukua kalamu, akaendeleza hadithi kwa sauti ya Marianne, na wasomaji wakastaajabu jinsi sauti ilivyofanana. Tunaweza kusema kwamba hapo alicheza nafasi ya Marianne, na safari hii aliicheza vizuri. Alichoshindwa kukifanya kwa mwili na sauti ya koo, alikifanya kwa wino.

Mwaka 1757 alitoa riwaya yake ya kwanza, Lettres de Mistriss Fanni Butlerd, bila kutia jina lake, akisingizia kwamba ni tafsiri kutoka Kiingereza. Kisa chake ni chepesi. Mwanamke asiye na cheo anapenda bwana wa ukoo mkubwa. Bwana anamwahidi mapenzi, kisha anaoa mwanamke wa daraja lake. Uzito wa kitabu haumo katika kisa, umo katika umbo. Barua zote, zaidi ya mia moja, ni za Fanni peke yake. Majibu ya bwana hatuyaoni. Waswahili husema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika jamii ya karne ya 18 asiyekuwapo alikuwa mwanamke, maana sheria na mikataba ya ndoa ilizungumzwa na wanaume. Riwaya hii imepindua mambo: aliyenyamazishwa ni mwanamume. Na mwishoni Fanni anaamua kuzichapisha barua zake. Maneno aliyoyaandika kwa siri kwa mtu mmoja anayatoa hadharani kuwa ushahidi. Mwandishi wa barua amekuwa mchezaji mbele ya ukumbi mzima, lakini bila kuukabidhi mwili wake kwa macho ya watu.

Riwaya nyingine zikafuatana upesi. Histoire du marquis de Cressy (1758) inasimulia habari za mwanamume anayewaumiza wanawake wawili kwa ajili ya cheo na mali, hata mke wake anajiua kwa sumu. Lettres de Milady Juliette Catesby (1759) ndiyo iliyompatia sifa kubwa kuliko zote. Mwaka 1760 ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza na Frances Brooke, naye mwandishi. Ndani yake Juliette ameachwa ghafla na mchumba wake bila maelezo, na baadaye anagundua kwamba sababu ni msichana aliyepewa mimba na mchumba huyo. Juliette hatimaye anamsamehe na kuolewa naye. Lakini kabla ya kusamehe anauliza, barua baada ya barua, kwa nini kosa la bwana liitwe udhaifu wa saa moja, na kosa kama hilo kwa mwanamke liitwe aibu ya maisha yote.

Msomaji wa Kiafrika atakumbuka hapa riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, Une si longue lettre (1979), inayojulikana kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii. Hatudai kwamba mmoja alimfuata mwingine. Tunasema tu kwamba mwanamke aliyeachwa, anapotafuta mahali pa kuzungumza bila kukatizwa, huiona barua iko karibu naye kuliko umbo lingine lolote.

4. Mabishano na Laclos

Mwanzoni mwa miaka ya 1760 Madame Riccoboni aliliaga jukwaa. Aliishi na rafiki yake Marie-Thérèse Biancolelli, naye mchezaji wa zamani, na wakaendelea kukaa pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Pamoja nao walitoa juzuu za tamthilia za Kiingereza kwa Kifaransa (1768–1769). Aliandikiana pia na mwanafalsafa David Hume na mchezaji mkuu wa London, David Garrick.

Mwaka 1777 hadithi yake Ernestine (1765) ilitungiwa opera. Maneno yaliandikwa na ofisa wa mizinga aliyeitwa Laclos, na muziki ukatungwa na Joseph Bologne, Chevalier de Saint-George, mzaliwa wa Guadeloupe, ambaye mama yake alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika. Opera hiyo ilianguka siku ile ile ya kwanza. Hivyo, Laclos alipotoa riwaya yake miaka mitano baadaye, hakuwa mgeni kwa Madame Riccoboni.

Lawama yake ilimhusu Madame de Merteuil, mwanamke wa hila katika riwaya ile. Alisema kwamba yeye kama mwanamke na kama Mfaransa ameumizwa na picha hiyo. Laclos alijibu kwa adabu kwamba watu wa namna hiyo wapo, na kwamba kuwaficha ni kuwasaidia. Historia imempa Laclos ushindi, nasi hatutaki kuugeuza: riwaya yake ni kubwa. Lakini lawama ile haikuwa woga wa bibi kizee. Mwandishi huyu alikuwa ameandika juu ya hila na usaliti kwa miaka 25. Marquis de Cressy si malaika. Alichokihofia ni matumizi ya picha hiyo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: katika jamii iliyokwisha kuwahukumu wanawake, Merteuil mmoja angesomwa kama mfano wa wanawake wote, ilhali Cressy husomwa kama mtu mmoja tu. Swali hilo, la nani ana haki ya kumchora nani na kwa faida ya nani, halijafungwa hata leo. Wanafunzi wetu wanaosoma jinsi Mwafrika alivyochorwa katika vitabu vya wakoloni wanalijua vizuri.

5. Kalamu na riziki

Madame Riccoboni hakuandika kwa kupitisha wakati. Aliandika ili ale. Wakati ule kitabu kilichopendwa kilichapwa upya na wachapaji wa nchi nyingine, hata wa miji mingine ya Ufaransa, bila mwandishi kupata kitu. Sifa yake ilienea kuliko mapato yake. Riwaya yake ya mwisho ya barua, Lettres de Milord Rivers, ilitoka mwaka 1777. Katika uzee alitegemea posho kutoka kwa mfalme, na Mapinduzi yalipokuja posho hiyo ikakatika. Alifariki Paris mwezi wa Desemba 1792, akiwa na umri wa miaka 79, katika umaskini. Miezi saba hivi baadaye, mwezi wa Julai 1793, Jamhuri ilipitisha sheria iliyotambua kwamba kitabu ni mali ya aliyekitunga.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Madame Riccoboni hayana budi kusomwa kwa ujumla. Kikundi cha Waitalia kilimfundisha kwamba neno huzaliwa kwa kumjibu mwenzako. Marivaux alimfundisha kusikia kinachofichwa chini ya neno. Na kushindwa kwake mbele ya watazamaji kulimsukuma kutafuta jukwaa ambalo mwili hauhukumiwi. Riwaya ya barua ikawa jukwaa hilo.

Kutokana na hayo, tunawashauri wenzetu wanaofundisha fasihi ya karne ya 18 wasimlete darasani kama nyongeza ya Laclos. Juliette Catesby ni kitabu kifupi, Kifaransa chake ni safi, na swali lake linaeleweka bila ufafanuzi mwingi. Asomwe kwanza yeye mwenyewe, kisha zisomwe barua zake kwa Laclos. Mwanafunzi atakayefuata mpango huo hatamsikia tena bibi anayelalamika. Atamsikia fundi akizungumza na fundi mwenzake.