Kitabu cha Pili Huwa Kichungu

Kuna swali ambalo riwaya nyingi za uchawi huliacha hewani: mnyonge akishapata nguvu za mizimu, mtawala atakaa tu akimtazama? Tomi Adeyemi hakulikwepa. Katika Children of Virtue and Vengeance (2019), kitabu cha pili kati ya vitatu alivyoandika akichota kutoka mila na miungu ya Wayoruba, uchawi uliokuwa umezimwa umerudi nchini Orïsha. Zélie na wenzake walipigania hilo kitabu kizima cha kwanza. Shida ni kwamba haukuwarudia wao tu. Umewaingia pia wakubwa wenye asili yake damuni. Malkia wa ukoo uliowaua wenye uchawi sasa naye anao, tena mkali.

Malkia huyo anaitwa Nehanda. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kunipangia nisome nini. Nikilikuta jina kama hilo, nalifuata hadi mwisho wake.

Kwa Washona wa Zimbabwe, Nehanda ni roho kubwa ya mababu, humpanda mtu na kusema kwa kinywa chake. Mwishoni mwa karne ya 19, kiti chake kilikuwa mwanamke aitwaye Charwe. Washona walipoinuka mwaka 1896 dhidi ya walowezi wa kampuni ya Cecil Rhodes, alihesabiwa miongoni mwa viongozi wa vita. Wakoloni walimnyonga mwaka 1898 mjini Salisbury, Harare ya leo. Mwaka 2021 serikali ikamsimamishia sanamu kwenye makutano ya barabara za Samora Machel na Julius Nyerere, na rais mwenyewe akaizindua. Roho iliyowainua watu dhidi ya dola sasa inatunzwa na dola.

Lakini tusiwacheke Wazimbabwe. Mambo haya tunayo hapa kwetu, na yetu yalianza hata kabla ya uhuru.

Kenya ina sheria ya kuharamisha uchawi tangu 1925. Kwa maandishi, Mwingereza alikuwa anasema mambo ya mizimu na viapo ni ujinga wa wenyeji. Halafu ikaja Mau Mau. Maelfu ya watu walikula kiapo cha ardhi na uhuru, na ghafla serikali ikagundua kwamba kiapo kina nguvu kuliko askari wake. Ikafanya nini? Kwa mkono mmoja ikafanya kulisha watu kiapo hicho kuwa kosa la kunyongwa. Kwa mkono wa pili ikatafuta wazee wa Kikuyu wa kukivua. Wazee hao walitumia githathi, jiwe lenye matundu ambalo jamii iliapia katika kesi nzito. Watu waliwabandika jina la dhihaka: waganga wa Malkia. Fikiria hiyo. Serikali yenye sheria ya kuharamisha uchawi, na waganga wake wa kazi.

Shosho yangu alikula kiapo miaka hiyo. Aliishi hadi kuona simu za mkononi, akaenda kanisani kila Jumapili, na bado hakuwahi kuniambia maneno aliyoapa. Nikimuuliza, alibadilisha mada akaniuliza kama nimekula. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema viapo vilikuwa sarakasi tu, nanyamaza.

Kitabu chetu cha pili kilifunguka baada ya uhuru. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Wiki zilizofuata, Wakikuyu wengi walibebwa kwa malori na mabasi hadi Gatundu, nyumbani kwa Rais Jomo Kenyatta, kuapa kwamba uongozi hautatoka katika nyumba yao. Safari hiyo iliitwa kwenda kunywa chai. Makanisa, likiwemo la PCEA, yalipinga, kwa sababu kulikuwa na waumini waliopigwa kwa kukataa. Kiapo kilichokuwa silaha ya wasio na ardhi kikawa uzio wa wenye serikali, na haikuchukua hata miaka 6 tangu bendera ipandishwe.

Ndiyo maana naiamini riwaya ya Adeyemi. Ushindi wa kitabu cha kwanza ni mtamu kwa sababu nguvu ziko upande mmoja. Cha pili kinakumbusha kwamba mtawala anayeogopa kitu hatakidharau milele. Atakipiga marufuku, kikikataa kufa atakikodi, na mwishowe atakiita chake.

Msimu wa kampeni huu hapa unakuja. Wanasiasa watavishwa ngozi na wazee, watapewa usinga na kigoda mbele ya kamera, watabarikiwa chini ya mugumo. Mimi siulizi kama baraka hizo zina nguvu. Nauliza nani aliwapigia wazee simu, na nani amelipia hema.