Ndani ya Ngozi ya Maksai

Aprili 1892, nje kidogo ya London, Cherry Kearton alitega kamera yake mbele ya kiota chenye mayai, akapiga picha. Kaka yake Richard, mzaliwa wa vijijini Yorkshire aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya vitabu, alipoiona alijua kazi yao imepatikana. Mwaka 1895 ndugu hao walichapisha kitabu kuhusu viota vya ndege wa Uingereza, chenye picha zilizopigwa porini. Kabla ya hapo, bunduki ndiyo iliyotangulia. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa Marekani, aliwaua ndege kwanza, kisha akawakaza kwa nyaya wakae mkao alioutaka.

Ndege aliye hai, hata hivyo, hamngoji mtu. Kamera za wakati huo zilikuwa nzito, zikitumia vioo vilivyopakwa dawa, na kila picha ilidai kioo chake. Ilibidi mpiga picha asogee karibu sana bila kuonekana. Mwaka 1900 ndugu wale wakatengenezewa maksai: ngozi halisi iliyovishwa juu ya kiunzi chepesi cha mbao, tumbo tupu. Richard, aliyekuwa kilema tangu alipoanguka mtini utotoni, aliingia humo na kamera na kuinama kwa saa nyingi, lenzi ikichungulia tunduni. Ndege walikwisha kuwazoea ng'ombe malishoni, hawakushtuka. Siku moja alizimia humo ndani, maksai akapinduka miguu juu, na Richard akakwama hadi Cherry alipokuja kumtoa. Uvumilivu wa namna hiyo unastahili heshima kubwa kuliko tunavyoupa leo.

Rangi ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1907 ndugu Lumière wa Ufaransa walianza kuuza vioo vya picha za rangi, lakini hata kwenye jua kali kioo kilihitaji sekunde nzima au zaidi. Chiriku ameshahama tawi. Filamu ya rangi ya Kodachrome kwa kamera ndogo ilipatikana mwaka 1936. Mwaka uliofuata bundi alimrukia usoni mpiga picha Mwingereza Eric Hosking alipokuwa akienda kwenye maficho yake usiku, akampotezea jicho la kushoto. Hosking alirudi kazini, na miaka ya arobaini akawa miongoni mwa wa kwanza kutumia flashi ya umeme, iliyoweza kunasa bawa likiwa katikati ya pigo.

Ndege waliodai subira kubwa zaidi ni wale wa paradiso, wa New Guinea na visiwa jirani. Ulaya iliwajua kwanza kwa ngozi za biashara zilizokatwa miguu, hata wengine wakaamini hawatui kamwe. Mwaka 1857 mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace aliwaona wakiwa hai katika visiwa vya Aru. Karibu karne moja na nusu baadaye, mpiga picha Tim Laman na mtaalamu wa ndege Edwin Scholes walianza kuwatafuta wote kwa kamera. Kati ya 2004 na 2011 walifunga safari 18 na kuzipata spishi zote 39 zilizotambuliwa wakati huo. Huko huko Aru, Laman alipanda kwa kamba hadi kileleni mwa mti, akaifunika kamera kwa majani karibu na tawi ambalo madume hucheza juu yake, akaiendesha kwa kompyuta kutoka mafichoni. Alfajiri dume mwenye manyoya ya manjano alitua, msitu ukiwa umetanda chini yake, na picha ikapatikana.