Wimbo wa Kuuaga Mwaka: Tarikhi ya Uchaguzi wa Nyimbo katika Karamu za Japani

Miongoni mwa ada ambazo watu wa Japani wamezihifadhi kwa karne nyingi imo ile ya kukusanyika mwishoni mwa mwaka, watu wa kazi moja au wa chama kimoja, wakala, wakanywa na wakaimba, kwa nia ya kuyaacha nyuma mashaka ya miezi iliyopita. Karamu hiyo huitwa bonenkai, na asili yake ni kongwe. Mwanamfalme Sadafusa wa Fushimi, ambaye alikuwa na mazoea ya kuandika habari za siku zake, alitaja majlisi ya namna hiyo katika mwaka 1430: wageni walitunga beti za kupokezana hata zikatimia mia moja, kisha pombe ya mchele ikazunguka, na watu wakainuka kucheza. Katika tungo zile za kupokezana kila mshairi alilazimika kuutazama ubeti uliomtangulia kabla ya kuleta wake, asiurudie wala asiuache ukining'inia peke yake. Sharti hilo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa kuifahamu tarikhi yote iliyofuata, maana mashairi yaliondoka zikaja nyimbo, lakini sharti lilibaki.

Kutoka katika majumba ya wakubwa ada ilishuka kwa wafanyabiashara na mafundi wa mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, na baada ya mwaka 1868, utawala wa Meiji ulipoijaza miji makarani na wanafunzi, ikawa mali ya watu wa mishahara. Walakini kuimba mbele ya hadhara kulihitaji msaada wa wenye ujuzi: kwanza geisha na shamisen yake, na baadaye wanamuziki wa kutangatanga walioitwa nagashi, ambao waliingia baa hii wakatokea ile, gitaa au kodiani begani, wakimpigia mteja wimbo autakao kwa ujira. Katika miaka ya 1950 ilizuka mjini Tokyo mikahawa ya kuimbia, ambamo vijana walishika vijitabu vya maneno wakaimba kwa pamoja, aghalabu nyimbo za Kirusi. Katika hali zote hizo uchaguzi ulikuwa na mipaka yake, kwani ulifuata ama alichokijua mpigaji, ama alichokitaka kiongozi.

Mipaka hiyo ilivunjwa na mashine ya karaoke. Mwaka 1967 Shigeichi Negishi wa Tokyo aliunda sanduku lililotoa muziki mtupu ili mtu aimbe juu yake. Na katika mji wa Kobe, Daisuke Inoue, mpiga kinanda wa kuwafuatisha wateja wa baa, aliombwa na mteja wake mmoja, mwenye kampuni, afuatane naye safarini, naye kwa kuwa hakuweza kuiacha kazi yake alimrekodia kanda yenye mahadhi yaliyoshushwa kulingana na sauti yake. Kutokana na kanda hiyo Inoue alipata fikira ya kutengeneza, mwaka 1971, mashine 11 za kukodisha, zilizopiga wimbo kwa sarafu ya yeni 100. Hakuiombea kazi yake hataza, na utajiri ukawaendea wengine. Alichopata yeye, mwaka 2004, ni tuzo ya amani ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa mzaha wenye maana ndani yake, kwa kuwa aliwapa wanadamu njia mpya ya kuvumiliana.

Maadam kila mtu sasa aliweza kuimba, ustadi ulihama kutoka kooni ukaingia katika kuchagua. Mizani ya kwanza ilikuwa tamasha la Kohaku la shirika la utangazaji NHK, lililoanza redioni mwaka 1951, na tangu Desemba 1953 likaonyeshwa katika televisheni usiku wa kufunga mwaka, timu nyekundu ya wanawake ikishindana na timu nyeupe ya wanaume. Nyimbo zilizosikika humo zilijulikana na babu na mjukuu. Mizani ya pili ilikuwa asili ya wasikilizaji: wengi wa wafanyakazi wa Tokyo walikuwa wametoka mashamba ya kaskazini, na kwa hiyo "Kitaguni no Haru" wa mwaka 1977, unaomtaja mama aliyemtumia mwanawe wa mjini kifurushi kutoka nyumbani, uliwagusa hata wakubwa wa ofisi wenye nyuso ngumu. Kwa mwenye haya palikuwa na nyimbo za watu wawili, kama "Ginza no Koi no Monogatari" wa mwaka 1961, ambao humsitiri mmoja nyuma ya sauti ya mwenziwe.

Katikati ya miaka ya 1980 makontena ya mizigo yaligeuzwa vyumba vya kuimbia, na tangu mwaka 1992 nyimbo zilianza kuletwa kwa njia ya simu, hata hazina ikawa kubwa kupita kiasi. Ndipo adabu zisizoandikwa zilipozidi kuhitajiwa: kijana afungue kwa wimbo mchangamfu, asiuchukue ule ambao mkubwa wake amejulikana nao, asirudie uliokwisha kuimbwa, wala asilete wimbo mrefu wa huzuni wakati watu wamesimama wakipiga makofi.

Msomaji wa Mwambao hatastaajabia jambo hili, kwani katika taarab anayeinuka kutunza huonekana ameinuka kwa maneno gani, na watu hupata la kusema. Wala muziki wa Wajapani haukuwa mgeni kabisa kwetu: taishogoto, kinanda kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912, kilivuka bahari kikapigwa katika taarab ya Mombasa.

Kwa hiyo wanaosema kwamba karaoke imeiharibu ada ya kale kwa kumpa kipaza sauti kila asiyejua kuimba wameitazama mashine wakaisahau majlisi. Mwenye sauti nzuri aliyechagua vibaya huwachosha wenzake, na mwenye sauti mbovu aliyewafikiria kabla ya kuchagua hushangiliwa. Basi wewe utakayealikwa katika karamu ya namna hiyo, usiulize ni wimbo gani unaouweza zaidi. Sikiliza kwanza aliyekutangulia ameimba nini, kisha uchague.