Choroa wa Jangwa la Oman

Jiddat al-Harasis ni uwanda wa mawe katikati ya Oman, ambako mvua huweza kukosekana kwa miaka. Majani huota kwa ukungu unaopanda usiku kutoka Bahari ya Arabu, na umande wake ndio uliomwezesha choroa mweupe wa Arabuni kuishi pasipo kisima. Mwindaji wa miguu au wa ngamia alimpata kwa taabu. Gari na bunduki za kisasa ziliondoa taabu hiyo, na mwaka 1972 choroa wa mwisho wa porini waliuawa katika uwanda huohuo.

Mbegu yake ilikuwa imekwisha kuokolewa. Mwaka 1962 Ian Grimwood, mkuu wa uhifadhi wa wanyamapori wa Kenya, aliongoza msafara uliokamata choroa wachache katika Himaya ya Aden. Watatu waliosalimika walipitishwa Kenya, kisha wakapelekwa bustani ya wanyama ya Phoenix, Arizona. Walipoongezwa wengine kutoka London, Kuwait na Saudi Arabia, kundi likawa na wanyama tisa.

Uzao wa kundi hilo ulianza kuachiwa Jiddat mwaka 1982. Serikali ya Sultani Qaboos haikuwafukuza Waharasis, wafugaji wa ngamia na mbuzi wa huko, bali iliwaajiri kuwa walinzi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ule wa Tanganyika ya kikoloni, iliyowahamisha Wamasai kutoka Serengeti mwaka 1959. Mwaka 1994 eneo la Jiddat lilitangazwa kuwa hifadhi, likaingia pia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kufikia 1996 choroa walikuwa kama 450.

Kisha ujangili ukarudi kwa sura mpya. Majangili hawakutafuta nyama. Walitaka wanyama hai, hasa majike, wa kuwauzia matajiri wenye bustani binafsi. Kufikia 2007 walibaki choroa takriban 65, na Oman, ikitaka kutafuta mafuta, ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90. Mwaka huohuo UNESCO iliifuta hifadhi katika orodha yake, mara ya kwanza kwa eneo lolote duniani.

Mwaka 2011 choroa huyo alishushwa daraja la hatari katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, lakini sifa hiyo ilitokana zaidi na makundi ya nchi jirani. Ndani ya Oman, choroa wengi waliosalia wanalindwa kwa uzio.