Umbali na Muda wa Ndege: Kigali – Entebbe

Kutoka uwanja wa ndege wa Kigali (KGL) hadi Entebbe (EBB) ni takriban kilomita 340 kwa anga, na ndege hutumia kama saa moja. Kwa barabara, Kigali hadi Kampala kupitia mpaka wa Gatuna, uliofungwa mwaka 2019 na kufunguliwa tena 2022, ni zaidi ya kilomita 500.

Wasafiri wazingatie kuwa saa za Uganda ziko mbele ya Rwanda kwa saa moja. Anayeondoka Kigali saa 4:00 asubuhi hutua Entebbe saa 6:00 mchana. Akirudi, anayeondoka Entebbe saa 4:00 hutua Kigali saa 4:00 ile ile. Mwenye miadi na wakala wa forodha Kampala aongeze kilomita 40 za barabara kutoka Entebbe.