Kisukari: Jinsi ya kugundua mgandamizo wa miguu kabla ya kidonda

Kisukari kisichodhibitiwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu anaweza kupanda na kushuka vilima vya Mahoko akiwa na kijiwe ndani ya kiatu, asihisi maumivu.

Angalia miguu kila jioni
Tafuta ngozi iliyobadilika rangi, sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili, lengelenge au sugu. Sugu huonyesha mahali panapobanwa zaidi. Ikiwa na doa jeusi, huenda kuna kidonda chini yake.

Pima hisia
Fumba macho. Ndugu akuguse polepole, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho, miguu yote miwili, sekunde 1 hadi 2. Usipohisi vidole 2 au zaidi kati ya 6, uko hatarini.

Fanya hivi
Pitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Usikate sugu kwa wembe. Ukiona dalili hizi, mwone mhudumu wa afya wa kijiji au nenda kituo cha afya. Ukiona kidonda, nenda siku hiyohiyo, hata kama hakiumi.