Radoni: Gesi Iliyopuuzwa Migodini Hadi Ilipoingia Sebuleni

Mwezi Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras alikuwa akifanya kazi kwenye ujenzi wa mtambo wa nyuklia wa Limerick, jimboni Pennsylvania, Marekani. Kila alipopita kwenye mashine ya kukagua mionzi wakati wa kutoka, king'ora kililia. Wenzake walimkagua, wakatafuta ndani ya mtambo mahali panapovuja, wasipaone. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba mtambo wenyewe ulikuwa haujaanza kuzalisha umeme. Asubuhi moja Watras akaamua kupita kwenye mashine ile mara tu alipofika, kabla hajagusa chombo chochote cha kazi. King'ora kikalia vilevile. Mionzi hakuwa akiipata kazini. Alikuwa akija nayo kutoka nyumbani.

Wapimaji walipokwenda kwake, karibu na mji wa Boyertown, walikuta hewa ya ndani imejaa radoni: takribani pikokyuri (kipimo cha mionzi) 2,700 katika kila lita. Kiwango ambacho serikali ya Marekani ilikuja kukitaja kuwa mtu akikifikia arekebishe nyumba ni pikokyuri 4. Familia iliambiwa ihame. Nyumba ya jirani ilipimwa pia, ikakutwa haina tatizo, na hilo ndilo lililowachanganya watu kuliko yote.

Radoni hutoka ardhini. Karibu kila mwamba na kila udongo una urani kidogo. Urani inapovunjika kwa muda mrefu huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi hii isiyo na rangi, harufu wala ladha. Nje hupeperuka ikaisha nguvu. Ndani ya nyumba, hasa nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, hupenya kwenye nyufa za sakafu na kando ya mabomba, ikajikusanya. Nusu ya gesi hupotea kila baada ya siku 3.8, lakini haiendi bure: hugeuka kuwa chembe za poloni, ambazo hunata kwenye vumbi, tukazivuta, zikakaa mapafuni na kuyachoma kwa mionzi yake. Ufa mmoja zaidi sakafuni, au udongo ulio na vinyweleo vikubwa zaidi, unatosha kutofautisha nyumba mbili zinazopakana.

Wachimbaji wa madini walikuwa wamelijua dhara hili muda mrefu bila kujua jina lake. Georgius Agricola, aliyekuwa tabibu katika mji wa migodi wa Joachimsthal, mpakani mwa Saksonia na Bohemia, aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1556 kuhusu maradhi ya mapafu yaliyowamaliza wachimbaji. Anataja kwamba katika milima ya Karpathia walikuwapo wanawake walioolewa na waume saba, wote wakafa kwa maradhi hayo. Mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walichunguza wachimbaji wa mji wa Schneeberg, huko Saksonia, wakagundua kwamba wengi wao walikuwa wakifa kwa uvimbe wa mapafu. Wao walidhani chanzo ni vumbi la aseniki. Radoni yenyewe ilikuja kutambuliwa na wanasayansi mwaka 1899 na 1900, Ernest Rutherford na Robert Owens wakiwa Montreal, na Friedrich Dorn akiwa Halle, Ujerumani. Ilichukua miongo miwili zaidi kabla ya mtu kuinyooshea kidole kwa vifo vya Schneeberg.

Na katika miongo hiyo, watu waliigeuza kuwa dawa! Joachimsthal, mji uleule wa wachimbaji waliokuwa wakikohoa hadi kufa, ulifungua bafu za maji ya radoni mwaka 1906. Nchini Marekani iliuzwa mitungi iliyopakwa madini ya radiamu ndani, ili maji yalale humo usiku kucha na kunywewa asubuhi. Bafu za Joachimsthal, siku hizi Jáchymov, zinapokea wagonjwa hadi leo.

Mji huo ulikuwa pia ukiuza radiamu, na biashara hiyo ilivunjwa na Kongo. Huko Shinkolobwe, Katanga, madini ya urani yaligunduliwa mwaka 1915. Kuanzia 1922 yakasafirishwa kwenda Olen, Ubelgiji, kusafishwa. Yalikuwa na urani nyingi kupindukia, na baadaye sehemu yake ikaingia kwenye bomu lililopigwa Hiroshima.

Vita vilipokwisha, Marekani nayo ikachimba urani yake kwenye nyanda za juu za Colorado. Miongoni mwa waliochimba walikuwamo Wanavajo wengi, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mwaka 1950 idara ya afya ya serikali ilianza kuwafuatilia wachimbaji hao, ikipima hewa na kuchunguza miili yao, bila kuwaeleza hatari iliyokuwa ikitazamwa. Kanuni ya taifa ya kupunguza radoni migodini ilipatikana mwaka 1967. Sheria ya fidia ikasainiwa Oktoba 1990.

Sasa linganisha na Watras. King'ora kililia Desemba 1984. Mwaka 1986 Shirika la Mazingira la Marekani likatoa mwongozo kwa wananchi, na mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria maalumu ya radoni majumbani, mwaka uleule ambao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka gesi hii katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Miaka minne tu. Mchimbaji alisubiri karne nne. Sidhani sayansi ndiyo iliyochelewa.

Nyumba ya Watras ilirekebishwa, familia ikarudi mwaka 1985, na mwenyewe akaingia katika kazi ya kuondoa radoni kwenye nyumba za wengine. Njia yake ni rahisi: bomba linachimbiwa chini ya sakafu, feni inaivuta gesi na kuitoa juu ya paa. Kupima ni rahisi zaidi. Kipo kikopo cha mkaa kinachowekwa siku chache na kutumwa maabara, na kipo kipande cha plastiki kinachokaa miezi mitatu hadi mwaka, kikiandikwa alama ndogondogo na mionzi inayokipiga. Cha muda mrefu ni bora, kwa kuwa radoni hupanda na kushuka kwa majira. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 nchi ziweke kikomo cha bekereli (kipimo kingine cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na zikishindwa zisivuke 300. Pikokyuri 4 za Wamarekani ni bekereli 148. Nchini Marekani radoni inakadiriwa kuua watu 21,000 kila mwaka kwa saratani ya mapafu, wengi wao wavuta sigara, maana sigara na radoni zikikutana hatari huzidishana.

Hatari hii inawagusa pia wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani. Wakongo wanaozungumza Kiswahili wameweka makazi Iowa, jimbo ambalo kaunti zake zote zimo katika kundi la hatari kubwa ya radoni. Wakenya ni wengi Minnesota, ambako takribani nyumba mbili kati ya tano huzidi pikokyuri 4. Mpangaji mgeni anaweza kupewa besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na besimenti ndiko radoni inakoanzia. Kama una ndugu huko, mwulize kama chumba chake kimepimwa, na kama hakijapimwa, aombe kipimo katika idara ya afya ya jimbo lake.